Hatua Sita au Nane: Gwaride la Kompyuta katika Viwanja vya Tarime na Serengeti

Wenye kuandika habari za elimu katika nchi yetu wamezoea kuyatazama madarasa, madawati na mitihani, na aghalabu huupita uwanja wa shule bila ya kugeuza shingo, ilhali uwanja huo ndio mahali ambapo mzazi wa Tarime au wa Serengeti, hata yule asiyejua kusoma, huhukumu kwa macho yake mwenyewe kama mwalimu ana nidhamu na kama watoto wamefundishika. Mahafali hayafani bila gwaride. Mwenge wa Uhuru ukiingia wilayani, skauti husimama safu kuupokea. Na katika shughuli za Waadventista Wasabato, ambao ni wengi mkoani Mara, vijana wa vilabu vya Watafuta Njia hupita mbele ya wazee wa kanisa wakibadili umbo la safu zao kwa amri moja ya kiongozi. Mambo haya yote tangu zamani hufundishwa kwa mdomo na kwa mguu, ajuaye akitangulia na asiyejua akifuata. Siku hizi, hata hivyo, imewezekana gwaride zima lichorwe ndani ya kompyuta, kila mtoto akiwa doti moja, doti hizo zitembezwe juu ya kioo kwa kufuata mapigo ya ngoma, kisha mtu airekodi skrini hiyo na kumrushia mwalimu aliye mbali kwa njia ya simu. Ninachokusudia kukichambua ni kitu gani hufika uwanjani katika safari hiyo, na kitu gani hubaki njiani.

Kabla ya hayo ni insafu kukumbuka kwamba Mara si mgeni wa gwaride lililotoka mbali. Wajerumani walijenga ngome Ikoma, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Serengeti, na mwaka 1917 ngome hiyo ilipiganiwa baina ya kikosi cha Kijerumani cha Naumann na majeshi ya Waingereza na washirika wao. Na Waingereza walipokwisha kuishika nchi, Wakurya walikuwa miongoni mwa makabila yaliyotoa vijana wengi kuingia KAR (King's African Rifles), jeshi lao la kikoloni lililoundwa mwaka 1902, kama walivyokuja kuingia kwa wingi katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lililoanzishwa tarehe 1 Septemba 1964. Waliorejea nyumbani kutoka jeshini walirejea na mwendo: mkono unaopanda hadi usawa wa bega, kisigino kinachotua kwanza, na zile amri ambazo hata mtoto wa darasa la pili leo anazijua kwa moyo, mguu pande, mguu sawa, nyuma geuka.

Pwani nako, tangu miaka ya 1890, vijana wa Lamu na Mombasa walikuwa wakicheza beni, ngoma ya matarumbeta na sare na vyeo vya kujipa wenyewe, ambayo safu zake zilinakiliwa kwa jicho kutoka bendi za kijeshi za Wazungu. Na Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, vyama vyake vya Marini na Arinoti vilikuwa vimekwisha kuenea katika miji ya Tanganyika, vikichukuliwa na askari, makarani na mateka. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake juu ya beni kilichotoka mwaka 1975, amewajibu kwa hoja nzito wale walioidhania ngoma hiyo kuwa ni uigaji mtupu, kwa kuonyesha jinsi vyama hivyo vilivyokuwa na siasa zake, mashindano yake na msaada wake kwa wanachama. Nimeyataja haya mapema kwa sababu wako watakaosema kwamba kurekodi gwaride la watu kutoka kwenye kompyuta ni uvivu wa zama hizi. Kunakili ni kwa zamani. Kilichobadilika ni mchukuzi.

Mchukuzi huyo mpya alizaliwa Marekani. Huko, mwaka 1907, bendi ya Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana, ikiongozwa na Paul Spotts Emrick, iliziacha safu za kijeshi na kusimama uwanjani katika umbo la herufi P, jambo lililokuwa halijazoeleka, na tangu hapo bendi za vyuo na shule zikaanza kushindana kwa maumbo kama zilivyokuwa zikishindana kwa sauti. (Mwaka huo huo Baden-Powell, mwasisi wa skauti, alikuwa akiwapigisha kambi wavulana wake wa kwanza katika kisiwa cha Brownsea, sadfa nzuri kwa sisi ambao gwaride tulilipata kwa skauti.) Maumbo yalipozidi kuwa magumu, karatasi ya miraba na penseli havikutosha tena, na kuanzia mwaka 1982 programu ya Pyware, kazi ya Py Kolb, ikawapa walimu wa bendi njia ya kuchora kwa kompyuta. Leo ziko programu nyingine kadhaa za namna hiyo, na kazi yazo ni moja.

Mchoraji huoneshwa uwanja wa kijani wenye mistari myeupe. Juu yake hupanga doti, kila moja na namba yake, na kuuita mpangilio huo seti ya kwanza. Kisha huzipanga upya kwa umbo jingine na kuliita seti ya pili. Kisha huiambia programu kwamba baina ya seti hizo mbili pana hesabu 16. Akibonyeza kitufe, doti 24 zilizokuwa mistari minne ya sita sita huachana taratibu, zile za katikati zikienda kwa upesi na zile za pembeni zikisogea kidogo tu, na hesabu ya 16 ikifika, duara limekamilika pasipo doti hata moja kuchelewa. Ni jambo la kupendeza kulitazama, na hapo ndipo ilipo hatari yake, maana doti haichoki, haikanyagi kisigino cha mwenziwe, na ikikutana na doti nyingine njiani hupita ndani yake kama hewa, ilhali watoto wawili waliobeba ngoma wakikutana hivyo, mmoja lazima aanguke.

Njia za kuitoa taswira hiyo kompyutani ni tatu, na hazilingani kwa thamani. Ya kwanza ni kuiachia programu yenyewe itengeneze video, na hiyo ndiyo bora, lakini aghalabu huwa ni haki ya aliyenunua leseni kamili, na leseni hizo zimewekewa bei kwa mfuko wa shule za Marekani. Ya pili ni kuirekodi skrini kwa programu nyingine, kama OBS Studio iliyotoka mwaka 2012 na inayotolewa bure, au kwa chombo kilichomo tayari ndani ya Windows tangu toleo la 10, ambacho huanza kazi vitufe vya Windows, Alt na R vikibonyezwa kwa pamoja. Hapa makosa huingia kimyakimya. Kompyuta dhaifu, ikibebeshwa kazi ya kuchezesha doti na kazi ya kurekodi kwa wakati mmoja, hulemewa, doti zikaanza kuruka badala ya kuteleza, na mwalimu anayeitazama video hiyo hawezi kujua kama mruko ule ni sehemu ya gwaride au ni uchovu wa mashine. Sauti nayo huweza kuachwa nje kabisa ikiwa mrekodi hakuichagua, na video ya gwaride isiyo na mapigo ni nusu ya habari, kwa kuwa hesabu ndiyo inayomwambia mtoto lini aondoke na lini asimame.

Njia ya tatu, iliyo karibu zaidi na mkono wa mwalimu wetu, ni kuisimamisha simu mbele ya kioo na kukipiga video. Anayetaka kujua hasara yake na ajaribu mwenyewe kwa dakika moja. Kioo hujichora upya mara 60 kwa kila sekunde, kamera ya simu huchukua picha takriban 30 kwa muda huo huo, na viwili hivyo visipopatana, mistari ya weusi huonekana ikipanda na kushuka juu ya picha. Hilo ni kero tu. Hasara kubwa ni ile ya upande: simu isiposimama katikati kabisa ya kioo, mraba hupanuka upande mmoja na kusinyaa upande wa pili, duara huwa umbo la yai, na umbali baina ya doti za mbele huonekana mkubwa kuliko wa doti za nyuma ijapokuwa mchoraji aliupanga sawasawa. Mwalimu makini, akiamini anachokiona, atawafundisha watoto kosa la kamera kwa juhudi yote aliyojaaliwa.

Kisha ipo safari ya simu kwa simu. Kwa miaka mingi WhatsApp haikuruhusu video izidi megabaiti 16, na mpaka sasa huibana video kabla ya kuituma isipokuwa mtumaji aitume kama hati. Hesabu yake si ngumu: video inayotumia megabiti moja kwa sekunde, ikiwa ya dakika mbili, hufika megabaiti 15, basi gwaride la dakika nane litahitaji takriban megabaiti 60, na ili lipite katika mlango mwembamba itapasa libanwe hadi namba zilizoandikwa kando ya doti zisisomeke tena. Namba zikipotea, duara linabaki, lakini hakuna ajuaye nani amesimama wapi ndani yake. Kwa sababu hiyo mtu wa Nyamongo au Mugumu aliye na rafiki mwenye kompyuta mjini Tarime afadhali rafiki huyo amwekee video nzima kwenye flashi au memori kadi, irushwe katika simu yake kama zinavyorushwa nyimbo, asilipe bando wala asipoteze namba. Njia hii ya kishamba, kama wengine watakavyoiita, inashinda intaneti kwa uaminifu.

Lakini tuseme video imefika salama, picha safi, sauti kamili, namba zinasomeka. Hapo ndipo inapozuka taabu ambayo sijaona ikitajwa na wanaosifu vyombo hivi. Uwanja wa mpira wa Kimarekani umechorwa mistari kila yadi 5, na bendi za huko kwa kaida hutembea hatua 8 kutoka mstari hadi mstari. Yadi 5 ni inchi 180. Zikigawiwa kwa 8, hatua moja ni inchi 22 na nusu, yaani kama sentimita 57. Gwaride letu ni mrithi wa jeshi la Kiingereza, ambalo hatua yake ya kawaida ni inchi 30, yaani sentimita 76, na hatua za namna hiyo zinazotosha yadi 5 ni sita. Kwa hiyo kijana aliyefundishwa na mstaafu wa jeshi, akitembea hesabu 16 ambazo video imemwonyesha, hatakwenda yadi 10 kama doti yake. Atakwenda yadi 13 na theluthi, na atakuwa ameipita nafasi yake kwa mita tatu nzima. Mwenziwe mfupi wa darasa la tano, ambaye miguu yake haiwezi inchi 30 hata akifokewa, atasimama pengine mahali pake hasa au nyuma ya hapo. Duara lililokuwa zuri kwenye kioo litakuwa limevunjika kabla ngoma haijanyamaza, na lawama itawaangukia watoto.

Video, kwa hiyo, huchukua umbo na kuacha kipimo, na gwaride bila kipimo haliwezi kurudiwa na mtu mwingine mahali pengine. Dawa yake haihitaji kompyuta. Mwalimu awatembeze watoto hatua 20 kwa mwendo wao wa asili, huku ngoma ikipigwa, apime kwa kamba walipofika, agawe. Wakienda mita 12, hatua yao ni sentimita 60, na mraba wao wa hatua 8 ni mita 4 na sentimita 80. Huo ndio uwanja wao, si wa Purdue wala wa kambi ya jeshi. Akiwa na kamba ya katani yenye mafundo kwa kila mita 4.8, vigingi vichache na majivu au chokaa ya kuweka alama, atakuwa na mistari yake mwenyewe; na bila mistari hiyo video haina mahali pa kukanyagia, kwa sababu kila doti huelezwa kwa umbali wake kutoka mstari, na viwanja vya shule zetu, vilivyoteremka kidogo upande mmoja na kukatwa na njia ya ng'ombe upande wa pili, havina mstari hata mmoja.

Suala la pili ni la jicho la mtazamaji. Bendi za Marekani hutazamwa kutoka majukwaa marefu, na programu zao zimejengwa kwa dhana kwamba mwenye kutazama yuko juu. Mgeni rasmi wa Tarime hukaa kwenye kiti chini ya turubai, usawa wa watoto au juu kidogo, na kwake duara la watoto 24 ni ukuta wa watoto 24, na herufi iliyopangwa kwa wiki mbili haisomeki. (Wanaofaidi kweli ni wale watoto wasiochaguliwa, waliokwea mawe na miti.) Ndiyo maana nasema, kinyume cha wapenzi wa maumbo makubwa, kwamba katika viwanja vyetu yafaa kuchagua yale yanayoonekana kwa usawa: safu inayofunguka kama mlango na kuwapitisha wengine, mistari miwili inayopishana, safu ndefu inayogeuka kwa mhimili mmoja. Katika halaiki za sikukuu za kitaifa, kama zile za Uwanja wa Amaan kule Unguja, watu hukaa juu, na maumbo ya picha yana mahali pake. Mkutano wa kijiji si hivyo.

Na kwa kuwa tumelitaja jicho, lipo kosa dogo lenye madhara makubwa: programu huweza kuuonyesha uwanja kwa upande wa mtazamaji au kwa upande wa wachezaji, kutoka nyuma ya bendi, na video iliyorekodiwa haisemi ni upande gani. Kushoto kwa kioo, gwaride likitazamwa kwa mbele, ni kulia kwa mtoto. Mwalimu asiyeambiwa hilo atatoa amri ya kulia geuka, na gwaride lote litakwenda msituni.

Juu ya sheria sina haja ya kusema mengi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na taasisi ya hakimiliki ya nchi, COSOTA, huilinda kazi ya mpangaji wa miondoko kama inavyoilinda kazi ya mwandishi, na Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, kwa hiyo gwaride la mtaalamu wa Marekani aliyeliuza kwa shule moja haliwi mali ya ulimwengu kwa sababu tu mtu amelirekodi kutoka kioo chake. Ajabu ni kwamba desturi hii ya kurekodi ina fadhila moja ya kisheria ambayo video ya watoto wenyewe haina: doti haina uso. Tangu ilipopitishwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kabla yake kwa mtu mwenye murua, kuzisambaza picha za watoto wa watu kutoka kundi hadi kundi ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Mwalimu anayetaka kumwonyesha mwenziwe wa Sirari au wa ng'ambo ya mpaka, Isebania, jinsi safu inavyofunguka, anaweza kumpelekea doti 24 bila ya kumtoa hadharani mtoto hata mmoja.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la wenye ngoma. Wacheza ngoma wa Kikurya huifuata ritungu, ala ya nyuzi nane yenye mvumo mzito, na mpigaji huwatazama wachezaji: wakikolea, huurefusha mzunguko, wakichoka, huugeuza. Hesabu 16 za kompyuta hazijui kukolea. Nakubali kwamba gwaride linalofuata doti neno kwa neno, likafika mwisho wake ilhali wazazi ndio kwanza wameanza kupiga vigelegele, ni gwaride lililokosa masikio. Lakini hilo ni kosa la kuifuata video kama hukumu, na nafasi ya kuurekebisha mpango ipo kwa anayeitaka: baina ya seti moja na nyingine, watoto waambiwe wapige hatua papo hapo bila kusogea mpaka kiongozi anyanyue fimbo, na hapo mpiga ngoma arudishiwe mamlaka yake.

Kutokana na haya yote, anayechora na kurekodi hana budi kupeleka zaidi ya video. Apeleke rekodi moja iliyopigwa kwa upande wa mtoto, polepole, sauti ya mtu ikihesabu juu yake. Aandike mwanzoni jina la aliyelipanga, urefu wa hatua aliyoikusudia na upande wa kutazamia. Kisha apige picha za seti zenyewe zikiwa zimesimama, kila doti na namba yake, kila umbali umetajwa kwa hatua. Picha nne za namna hiyo huwa nyepesi kuliko dakika moja ya video, hazihitaji bando kubwa, na huweza kuchapwa katika duka lolote la kutoa kopi. Tena mwalimu mwenye picha hizo mkononi, asubuhi ya siku ya sherehe watoto wawili wasipotokea, anaweza kuchukua kalamu, akazifuta doti mbili, akazisogeza zilizobaki na kuwaita watoto waje watazame nafasi zao mpya. Mwenye video peke yake atabaki na mapengo mawili katika kila umbo, kuanzia seti ya kwanza hadi ya mwisho.